Mwongozo kwa Mgeni Aendaye Songo Mnara na Kanzidata ya Zamani

Hongera, ndugu mtaalamu wa TEHAMA. Ukiona umeitwa kwa bosi, ukapewa kiti na kumiminiwa chai, jua kwamba muda si mrefu utaambiwa maneno matatu yaliyowamaliza wenzako: "Ni kazi ndogo."

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi inatunza orodha ya vitu vya kale vilivyotoka kwenye magofu ya kisiwa cha Songo Mnara, Kilwa: vigae vya vyungu, shanga, vipande vya kauri ya China, sarafu za shaba. Orodha imo katika faili moja la Access, lenye .mdb mwishoni mwa jina. Juu ya faili hilo imekaa programu ya Visual Basic 6, iliyoandikwa na mzee mmoja ambaye siku hizi analima ufuta na hapokei simu kabla ya adhuhuri. Programu inafunguka, inatafuta, inachapisha. Haina kosa ila umri. Lakini bosi ametoka semina, na huko semina wamemwambia mifumo yote iwe ya kisasa. Kwa hiyo utaandika mpya kwa .NET. Nawe ukiwa umeshafika mlangoni, anakuongezea: "Ila upande wa data usiuguse. Ule unafanya kazi."

Ofisi hiyo ni ya kubuni, na bosi vilevile, msije mkamtafuta. Mitego inayofuata si ya kubuni.

Kwanza, usiingie kazini kwa dharau. Wapo vijana wakisikia Access wanacheka kama waliotajiwa taipureta. Wakumbuke kwamba kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU nchini Tanzania zimetunza kumbukumbu kwa miaka mingi katika kanzidata iitwayo CTC2, nayo ilijengwa kwa Access hiyohiyo. Kitu kilichobeba kazi ya namna ile hakidharauliwi. Kinachotakiwa ni kukijua, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kujua kunachukua muda na bosi ameshasema kazi ni ndogo.

Kati ya programu ya mzee na faili lake kuna kiungo kiitwacho ADO, kilichotolewa na Microsoft mwaka 1996. Frimuweki ya .NET ilitoka mwaka 2002, nayo ikaja na kiungo chake, ADO.NET. Majina yamekaribiana, damu ni mbalimbali. ADO hushika muunganisho na faili na kutembea nao rekodi moja baada ya nyingine. ADO.NET hupenda kuchota data, kufunga muunganisho, kisha kufanya kazi na nakala iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Microsoft haikutaka kumwacha mtu njiani, hivyo ikaweka daraja: ndani ya .NET unaweza kuiita ADO ya zamani na ikaitika. Fungua orodha ya marejeo katika Visual Studio, tafuta ADODB, jina la maktaba ya ADO, weka alama, bonyeza. Nakili msimbo wa mzee, rekebisha mabano na nukta mkato, endesha. Sarafu zinatokea kwenye skrini. Mpigie bosi simu jioni hiyohiyo, umwambie umemaliza. Utapata sifa, na sifa hizo ndizo zitakazokufunga.

Sasa twende safari, ukaijaribu programu mahali vitu vilipotoka. Kibali cha magofu kinatolewa na TAWA, mamlaka inayosimamia hifadhi ya Kilwa, kwa hiyo ukiteremka Nangurukuru na kushika njia ya Kilwa Masoko, anzia huko kabla hujamtafuta nahodha. Nahodha atakupangia saa ya kuondoka kwa kutazama maji, si kwa kutazama ratiba ya mradi wako. Songo Mnara hushuki gatini. Unaingia kwenye mikoko, na maji yakiwa yamekupwa unakunja suruali na kutembea, laptopu kichwani. Pakua kila unachohitaji ukiwa bado Masoko. Mtu aliyegundua katikati ya magofu kwamba programu yake inahitaji kifurushi kimoja zaidi kutoka intaneti hana wa kumlaumu, na mtandao wa simu hautamwonea huruma.

Utakachokiona kisiwani kinastahili usumbufu huo. Ni mji wa mawe uliokaliwa kuanzia mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16: misikiti mitano, jumba kubwa la kifalme, nyumba zipatazo 33 za matumbawe, na ukuta wa mji. UNESCO iliuandika pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuuondoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Tazama vizuri kuta hizo, kwa maana zina somo la fani yako. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi wa hifadhi huzikarabati kwa chokaa. Ukiziba ukuta wa namna hiyo kwa saruji, kiraka chenyewe hubaki kigumu na kizuri. Unyevu na chumvi, vikikosa pa kutokea, hula jiwe la pembeni. Miaka michache baadaye fundi aliyeweka saruji anapita, anaona kiraka chake kizima, anasema, "Mimi sikuharibu kitu." ADO ndani ya .NET huharibu hivyohivyo: pale ulipounganisha pazima, pembeni panalika.

Tuanze na mtego wenye kelele, maana ndio mwepesi. Injini inayofungua faili la .mdb inaitwa Jet 4.0. Iliandikwa kwa biti 32, na Microsoft haikuwahi kuitolea toleo la biti 64. Programu yako mpya ikiachwa ijiamulie kwenye Windows ya siku hizi, mara nyingi huamka ikiwa ya biti 64, inaita Jet, Jet haipo. Ujumbe utakaouona unadai kwamba kiunganishi cha Jet hakijasajiliwa kwenye kompyuta hii. Asiyejua huanza kusajili. Anasajili tena. Anashusha faili za ajabu kutoka tovuti zenye matangazo ya bahati nasibu. Kumbe kiunganishi kimesajiliwa tangu siku Windows ilipowekwa, ila kwa upande wa biti 32, ambao programu yake haiuoni. Kibaya zaidi, Visual Studio yenyewe ilikuwa ya biti 32 kabla ya toleo la 2022, kwa hiyo katika matoleo hayo ya awali ukijaribu muunganisho ndani ya zana zake unakubali, ukiendesha programu unakataa. Watu wazima wamelia kwa jambo hili. Dawa ni kuiamuru programu iundwe kwa x86, yaani biti 32, basi. Njia ya pili ni kuweka injini ya Access mpya zaidi, iitwayo ACE, ambayo ina toleo la biti 64. Lakini kama kompyuta ina Office ya biti 32, kisakinishi cha ACE ya biti 64 kitakugomea. Chagua x86 uende ukale samaki.

Halafu iko rekodiseti, yaani fungu la rekodi ambalo ADO hukurudishia ukiiuliza swali. Mzee alikuwa akiuliza rekodiseti ina rekodi ngapi, nayo inajibu. Wewe umeifungua bila kutaja aina ya kielekezi, ikachukua ile ya kawaida ya kwenda mbele tu, na ukiiuliza hesabu inakujibu −1. Haijaharibika. Inakwambia kwamba haijui, kwa sababu haijafika mwisho, na ikifika mwisho hairudi nyuma. Mtaalamu mmoja asiye mwangalifu anaweza kuandika msimbo unaosema: kama hesabu si sifuri, chapisha ripoti. Ripoti inatoka yenye kichwa kizuri, "Jumla ya sarafu: −1", na bosi anaisaini bila kuisoma. Mwingine husahau kuiambia rekodiseti isogee kwenye rekodi inayofuata. Programu inabaki inasoma kigae kilekile mpaka betri iishe, na Songo Mnara si mahali pa kuchezea betri.

Haya bado ni makosa ya kelele. Ya kuogopa ni ya kimya, na hapa naomba tukae kidogo.

Chukua sarafu moja. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa mamia. Huko Songo Mnara wanaakiolojia walikuta zaidi ya 300 zikiwa zimefichwa pamoja. Upande mmoja kuna jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, au al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mungu, yamepangwa yafanye kina na jina lile. Ni uungwana ambao benki kuu za leo zimeusahau. Kitu kimoja hakipo kwenye sarafu hizo: mwaka. Mpigaji hakuuandika.

Kwa hiyo safu ya tarehe ya kupigwa sarafu, ndani ya faili la mzee, iko tupu. Utupu huo Visual Basic iliujua kwa jina la Null. .NET inao utupu wa aina mbili: ule wa kawaida wa lugha, na ule wa kanzidata uitwao DBNull, nao hawasalimiani. Ukipima wa kwanza wakati umeletewa wa pili, programu inadondoka. Ikidondoka mara tatu mbele ya wageni, utafanya lile ambalo kila mtu hufanya: utaandika mstari mmoja unaosema pakiwa patupu weka sifuri. Programu inatulia. Umepona.

Ila kwa Access, tarehe ni namba, na sifuri yake ni tarehe 30 Disemba 1899. Fungua orodha kesho yake. Sarafu za al-Hasan bin Sulaiman zimepigwa tarehe 30 Disemba 1899, miaka minne baada ya Wajerumani kumnyonga mpinzani wao Hassan bin Omari Makunganya kule Kilwa Kivinje. Sultani amefufuliwa akatawala chini ya bendera ya Kaiser. Wala hakuna dirisha la kosa lililofunguka. Kila sarafu ina tarehe, safu imejaa, mfumo unapendeza. Mtu wa kwanza kugundua atakuwa mwanafunzi wa chuo atakayechora grafu na kushangaa mwaka 1899 Kilwa ilikuwa tajiri kiasi gani.

Tarehe zina ubaya mwingine. Ukiandika tarehe ndani ya swali la Access kati ya alama zake mbili za reli (#), injini huisoma Kimarekani, mwezi kwanza. Sisi tunaandika siku kwanza. Kitu kilichochimbuliwa tarehe 3 Aprili kitatafutwa tarehe 4 Machi. Ungedhani basi tarehe 13 Aprili italeta kosa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Haileti kosa. Injini, kwa ukarimu wake, inageuza yenyewe na kuisoma sawasawa. Hivyo siku 12 za kwanza za kila mwezi zinasomwa vibaya, ila ile ambayo namba ya siku ni sawa na ya mwezi, zilizobaki zinasomwa vizuri, na wewe uliyejaribu programu tarehe 20 unaapa mbele ya bosi kwamba inafanya kazi. Ipe injini tarehe kama kigezo, usiibandike kwenye maandishi ya swali.

Na vigezo navyo. Ukitumia kiunganishi cha OLE DB ndani ya .NET, ile njia ya kufungua .mdb bila ADO, vigezo hupangwa kwa nafasi. Majina uliyovipa ni mapambo, kiunganishi hakiyasomi. Swali linataka uzito kisha kipenyo. Wewe umeongeza kipenyo kisha uzito, kila kimoja na jina lake zuri. Vyote ni namba zenye desimali. Vinaingia. Kuanzia hapo kila sarafu mpya ina uzito wa kipenyo chake na kipenyo cha uzito wake, na zote mbili ni namba zinazoaminika kwa macho ya mtu asiyewahi kushika sarafu ya Kilwa mkononi.

Utafutaji je? Mzee, ndani ya Access, alizoea kutafuta kwa nyota: andika Songo na nyota, vinakuja vilivyoandikwa Songo Mnara kwa maneno mawili na vilivyoandikwa Songomnara kwa neno moja, maana makarani hawakuwahi kukubaliana. Swali hilohilo likipita kwenye OLE DB, nyota haina kazi. Alama inayotakiwa ni ya asilimia. Injini haitalalamika. Itatafuta kwa utii mahali panapoitwa Songo nyota, haitapakuta, itakurudishia orodha tupu. Ukiwa na haraka utamwandikia bosi kwamba Songo Mnara haina kitu, na ukiwa na bahati mbaya atakuamini.

Utaniuliza, mbona usihamishe tu rekodiseti ya mzee iingie kwenye dataseti mpya, ile nakala ambayo ADO.NET huiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta? Inawezekana. Kipo kifaa cha .NET kinachopokea rekodiseti ya ADO na kuijazia dataseti. Lakini huingiza tu. Ukisahihisha jina la sultani kwenye dataseti, ukabonyeza hifadhi, rekodiseti haipati habari. Kuandika kurudi kwenye faili unahitaji muunganisho wako mwingine na amri zako mwenyewe. Wapo waliosahihisha siku nzima, wakafunga laptopu kwa raha, na kesho yake wakakuta makosa yote yamerudi mahali pake. Na ukishakuwa na muunganisho wa zamani na mpya kwenye faili moja, pembeni ya .mdb kutakuwa na kifaili cha kufuli chenye .ldb ambacho hakiondoki. Rekodiseti ya zamani ndani ya .NET haifi ukimaliza kuitumia. Husubiri mfagiaji wa kumbukumbu, naye hufagia anapojisikia. Funga kwa mkono kila ulichofungua, rekodiseti kwanza, muunganisho baadaye. Usipofunga, karani akitaka kubana na kukarabati faili atagombezwa na kompyuta, kisha atakugombeza wewe.

Mpaka hapa unaweza kudhani nakushauri uikimbie ADO. Sivyo. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama unaihitaji kweli. Kama kilichopo ni faili la .mdb tu, ADO ya nini? .NET inalifungua moja kwa moja kwa OLE DB yake, bila daraja, ili mradi uko kwenye Windows. ADO inakuwa lazima pale tu ambapo mzee aliacha maktaba yake mwenyewe, msimbo wake umepotea, na maktaba hiyo haijui kurudisha kitu kingine ila rekodiseti. Hapo ifungie mahali pamoja. Tengeneza kipande kimoja kidogo cha programu kinachozungumza na ukale, kinapokea rekodiseti, kinatoa vitu vya kawaida vya .NET, na nje ya kipande hicho neno ADODB lisionekane tena. Wengi niliowaona wakihangaika hawakuponzwa na ADO. Waliponzwa na kuieneza: fomu 40, kila moja na rekodiseti yake. Nusu zimefungwa, nusu hazijulikani.

Na kama bosi atakubali kuhamisha data kwenda kanzidata ya seva, PostgreSQL au SQL Server, hamisha mara moja tu, kwa mwelekeo mmoja. Kabla ya kuhamisha, piga hesabu kwenye faili la zamani: rekodi ngapi, tarehe tupu ngapi, jumla ya uzito wa sarafu zote. Baada ya kuhamisha, piga hesabu zilezile upande wa pili. Zikitofautiana hata kwa gramu moja, usilale. Zikilingana, mpigie bosi simu, na safari hii sifa chukua.

Kuna jambo moja ambalo hesabu haitakuonyesha. Katika jedwali la vitu kuna safu iitwayo X2. Ina namba kuanzia 1 hadi 7. Hakuna maelezo popote. Hapo itakubidi usubiri adhuhuri ipite, umpigie mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lile faili bado linafunguka?"

"Linafunguka. Nilitaka kuuliza kuhusu X2."

Atacheka, kisha atanyamaza, kisha atakwambia zile ni tabaka za udongo walizochimbua, 1 ikiwa ya juu, isipokuwa msimu mmoja ambao walihesabu kutoka chini. Msimu upi? Atakumbuka. Atakupigia.

Basi wazee wetu mlioandika programu hizi, na bado mko kazini, tunawaomba: kabla hamjastaafu, andikeni kwenye karatasi nenosiri la faili, maana ya kila safu, na msimu ambao hesabu iligeuka, kisha muikabidhi karatasi hiyo kwa saini kama mnavyokabidhi funguo za ofisi.